Ngitili ya Guku: Historia ya Vichaka vya Shinyanga

Mwezi wa nane mwaka jana baba mdogo alituma picha kwenye grupu letu la familia la WhatsApp. Grupu lenyewe ni la misiba na michango ya harusi, kwa hiyo mtu akiandika hapo unajua mfuko unaguswa. Safari hii mambo yalikuwa tofauti. Picha ilionyesha bwana mmoja mwenye kofia, amezungusha kamba kwenye shina la mgunga, anapima unene. Chini yake baba mdogo aliandika: "Anatoka upande wa Geita. Minene anataka matimba, iliyobaki anachoma mkaa. Anachukua yote na analipa keshi. Ninyi mlioko mijini mnasemaje?"

"Yote" ni ngitili ya guku. Guku ndivyo tunavyomwita babu kwa Kisukuma, na ngitili yake ni ekari nne hivi za vichaka na nyasi, katika kijiji kimoja njia ya kwenda Tinde. Ukipita kwa basi hutaiona kama kitu. Hakuna uzio, hakuna kibao cha hifadhi, hakuna geti la kulipia. Upande mmoja mpaka ni mstari wa minyaa. Upande wa pili mpaka ni makubaliano tu kati ya guku na majirani zake, ambao wengi wao, kama yeye, wameshatangulia.

Nilijibu kwamba nitatoa maoni yangu jioni. Nilichukua wiki tatu, kwa sababu nilitaka kwanza kujua ekari hizo nne zimefikaje hapo. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwa msomaji ambaye hajafika Usukumani, ngitili ni eneo la malisho linalofungwa kwa majira. Mvua zikianza, mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili, mifugo inazuiwa kuingia. Nyasi zinakua, zinatoa mbegu, zinakauka zikiwa zimesimama. Kiangazi kikikolea, mwezi wa saba au wa nane, wakati mbuga nzima imebaki vumbi, ngitili inafunguliwa, na wa kwanza kufaidi ni ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wa kulimia. Yaani ni ghala, ila nafaka yake ni majani. Sasa, kwa kuwa ng'ombe hawaingii wakati wa mvua na jembe haliingii kabisa, miche ya miti nayo inapata nafasi ya kupumua. Mahali palipotengwa kwa ajili ya ng'ombe panageuka pori dogo. Zipo ngitili za kaya, za ekari chache kama yetu, na zipo za kijiji kizima.

Nilikuwa naamini, kama wengi wetu, kwamba zamani za kale Shinyanga ilikuwa msitu, kisha sisi na ng'ombe wetu tukaumaliza. Historia haijanyooka hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulipita Afrika Mashariki na kuua ng'ombe kwa wingi usioelezeka. Baada yake zikaja njaa, ndui na vita vya Wajerumani. Watu wakapungua, mifugo ikapungua, na mashamba yaliyokuwa yakilimwa na kuchungwa yakaota vichaka. Ndani ya vichaka wakaja wanyamapori, na pamoja nao mbung'o, ambaye huleta malale kwa binadamu na nagana kwa ng'ombe. John Ford katika kitabu chake cha 1971, na Helge Kjekshus katika chake cha 1977, walisisitiza jambo hili: pori walilolikuta Waingereza na kulidhani la tangu Adamu, kwa sehemu kubwa lilikuwa jipya, kama kovu lililoota juu ya jeraha.

Waingereza waliamua kulikata. Mwaka 1929 C.F.M. Swynnerton, aliyekuwa msimamizi wa kwanza wa wanyamapori wa Tanganyika, akawa mkurugenzi wa idara ya utafiti wa mbung'o, na makao yake yakawa hapa hapa Shinyanga. Hata kabla ya idara hiyo, katika miaka ya 1920, alikuwa ameshapatana na Mtemi Makwaia wa Busiha. Mtemi aliwaita watu wake, nao wakatoka kwa maelfu wakati wa kiangazi, kila mtu na shoka lake, kusafisha vichaka. Guku alipenda kusimulia kwamba baba yake alikuwa mmojawapo. Walikata wakiimba, alisema, na hakuna aliyewalazimisha kuchukia miti: walichukia inzi aliyekuwa akimaliza ng'ombe wao. Nadhani hilo ni muhimu. Ni rahisi leo kuwacheka waliokata. Lakini mtu aliyezika zizi lake zima hakuwa na sababu ya kukipenda kichaka.

Pamoja na Swynnerton alikuwepo mtaalamu wa mimea, B.D. Burtt. Huyu bwana alizunguka Tanganyika akikusanya majani, maua na matunda, akaandika mwongozo wa kutambua miti na vichaka vya nchi. Kazi ya ofisi yao ilikuwa kuua mbung'o kwa kuondoa kivuli chake, na ili ujue kivuli kipi uondoe, sharti kwanza ujue kila mti kwa jina. Kwa hiyo sehemu kubwa ya elimu ya kitabuni kuhusu mimea ya Shinyanga ilizaliwa katika mpango wa kuikata. Swynnerton na Burtt walikufa pamoja katika ajali ya ndege mwezi Juni 1938. Burtt aliacha jina lake kwenye jenasi nzima ya mimea, Burttia. Swynnerton ana ndege anayeitwa kwa jina lake, na pia, kwa bahati ya ajabu, ana mbung'o: Glossina swynnertoni, mbung'o wa vichaka vya miiba vya huku kwetu.

Vichaka vilipoondoka, kilichofuata kilikuwa pamba na ng'ombe wengi zaidi. Pamba ndiyo iliyoitwa dhahabu nyeupe. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma: matuta ya lazima, kupunguza mifugo, kodi ya ng'ombe, na kuhamishia watu nchi mpya. Nchi mpya mojawapo ilikuwa Geita. Pori la huko nalo likasafishwa ili Wasukuma waliobanana upande wa mashariki wapate pa kwenda. Watu walihama kweli, lakini amri walizichukia, na mwaka 1958 hasira hizo zililipuka Geita kwenyewe, watu walipolikataa baraza la mseto wa rangi ambalo serikali ilitaka kuwawekea. Ninataja Geita mapema kwa sababu tutarudi huko. Si nchi ya mbali iliyokuja juzi kutaka miti yetu. Nusu ya ukoo wetu iko huko.

Katika miaka yote hiyo ngitili zilikuwepo. Kila mzee mwenye ng'ombe alikuwa na kipande chake nyuma ya boma. Hakuna aliyeziandika kwenye mpango wowote, kwa sababu hazikuonekana kama hifadhi. Zilionekana kama sehemu ya nyumba, mfano wa jikoni au kihenge cha mtama.

Kisha ikaja Operesheni Vijiji. Mwaka 1974 familia yetu ilihamishwa kutoka bomani kwenda kwenye kijiji kilichopimwa kwa mistari, karibu na barabara. Sitaki kuandika hapa insha nyingine ya kulaumu ujamaa. Shule niliyosoma na zahanati niliyochomwa sindano vilitokana na kijiji hicho hicho. Lakini ngitili ilibaki kule nyuma, mwendo wa saa nzima, bila mtu wa kuilinda. Kitu kinacholindwa na jicho la jirani hakiwezi kuishi jirani akihamishwa. Wenye shoka waliingia, wenye mifugo waliingia, na ndani ya miaka michache ekari nne za guku zikawa sawa na uwanja wa mpira.

Haikuwa kwetu tu. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 maeneo makubwa ya mkoa yalikuwa wazi kiasi kwamba Mwalimu Nyerere, baada ya kupita huku na kujionea, alishtuka. Tangu hapo Shinyanga ikabebeshwa jina la Jangwa la Tanzania. Jina hilo lilituumiza. Nilipokwenda sekondari mkoa mwingine wenzangu waliniuliza kama kwetu tunafuga ngamia.

Nieleze jangwa hilo lilikuwaje ndani ya nyumba, maana ripoti hueleza zaidi mmomonyoko wa udongo. Kuni zilipoisha, wanawake walipikia mashina ya pamba, na mashina yalipoisha walipikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Samadi iliyopaswa kwenda shambani ikaenda jikoni, na shamba nalo likadhoofika. Moshi wa kinyesi ni mzito na unawasha. Bibi yangu aliupikia kwa miaka mingi katika nyumba isiyo na dirisha, na macho yake yakawa mekundu, yenye machozi, mchana na usiku.

Msomaji wa Kanda ya Ziwa ameshajua ninakokwenda. Usukumani, kwa miongo kadhaa, wanawake wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na macho mekundu yamekuwa yakihesabiwa kama ushahidi. Watu wengi waliofanya kazi ya kuwatetea wazee hao wameeleza uhusiano huo waziwazi: moshi wa jikoni hufanya macho kuwa mekundu, na macho mekundu humtia bibi hatarini. Hakuna aliyemgusa bibi yangu. Lakini nakumbuka alivyoacha kutoka nje jua likizama, na alivyofunika uso kwa kanga mgeni akija. Nilikuwa mtoto, nilidhani ni aibu ya uzee. Sasa naelewa kwamba ilikuwa hofu, na kwamba hofu hiyo ilikuwa na historia ndefu iliyoanzia kwenye miti.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa msaada wa Norway. Baadaye wataalamu wa kilimo mseto wa ICRAF waliungana nao. Makao yao yalikuwa Lubaga, nje kidogo ya mji. Mwanzo wa kazi ulikuwa ule tunaoujua wote: vitalu, miche ya kugawa, miti ya kigeni, hotuba siku ya kupanda miti. Miche mingi ilikauka. Nani atamwagilia mti wa serikali wakati yeye mwenyewe anachota maji kwenye kisima cha mchanga?

Kilichobadilisha mambo ni kwamba wale wataalamu walianza kuuliza wazee zamani walifanyaje. Wazee wakasema: ngitili. Na hapo likaonekana jambo ambalo mwanakijiji yeyote aliyewahi kulima analijua kwa kulaani: visiki vilikuwa hai. Juu ya ardhi palikuwa peupe, chini palikuwa na mizizi ya migunga, mitundulu, mikoma na mingine mingi, ambayo kila mwaka ilichipua na kila mwaka ikaliwa na mbuzi. Haikuhitaji kitalu. Ilihitaji mbuzi wazuiwe misimu kadhaa.

Nani azuie mbuzi? Hapa ndipo ninapoona hasa fundisho la historia hii. Sheria ya ngitili nayo ilikuwa imekatwa usawa wa ardhi, lakini kisiki chake kilikuwa hai. Mkutano wa kimila unaoitwa dagashida ulikuwa bado unajulikana. Sungusungu, walioibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 upande wa Kahama na Nzega kupambana na wezi wa ng'ombe, tayari walikuwa na nguvu ya kumtoza mtu faini na kumtenga. Ukiingiza ng'ombe kwenye ngitili ya mtu, ulikutana nao. Halmashauri za vijiji zikaandika sheria ndogo juu ya kile ambacho dagashida tayari ilikuwa inakijua. Mradi ulitoa mafunzo, safari za kujifunza na muhuri. Kijiji kilitoa macho.

Matokeo yake yameandikwa. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa na rekodi zilifikia hekta mia sita na kidogo tu kwa mkoa mzima. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 makadirio yalikuwa zaidi ya hekta 300,000. Timu iliyoongozwa na Gerald Monela wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ambayo taarifa yake ilitoka mwaka 2005, ilihesabu katika vijiji 172 tu ngitili 18,607, na kati ya hizo 284 pekee zilikuwa za jumuiya. Zilizobaki zote zilikuwa za watu kama guku. Katika ngitili walizozichunguza walikuta aina 152 za miti, vichaka na mimea inayotambaa, na aina 145 za ndege.

Nasimama kidogo kwenye hizo 152, kwa sababu namba peke yake haina ladha. Ndani yake yumo nshishi, yaani mkwaju, ambao matunda yake hutiwa kwenye uji na kwenye michembe. Yumo mbuguswa wenye vitunda vyekundu ambavyo watoto wanaochunga huvimaliza kabla ya ndege. Wamo mfuru na mkoma. Yumo mlungulungu wenye miiba kama chuchu, ambao magome yake yanachemshwa kwa homa. Yumo nengonengo, ambao mizizi yake inanukia kama dawa ya kuchua na ni sumu ukiukosea. Yumo mlundalunda, unaochimbwa kwa maumivu ya tumbo hadi unakaribia kwisha. Wale wapenzi wa ngoma wanaofuata historia ya Wagika na Wagalu wanajua kwamba ushindani wa makundi hayo mawili, tangu enzi za waasisi wao Ngika na Gumha, ulikuwa ushindani wa dawa kama ulivyokuwa ushindani wa nyimbo. Dawa hizo zilichimbwa porini. Pori likiondoka, ngoma inabaki na miguu tu.

Na ndege: kanga na kwale walirudi kwanza. Kwetu walirudi pia wale kasuku wadogo wa kijani wenye vichwa vya rangi ya chungwa, ambao vitabu vinawaita kwa jina la mvumbuzi Mjerumani, Gustav Fischer. Asili yao ni kaskazini mwa Tanzania, kusini na mashariki mwa Ziwa Victoria. Nje ya hapa wengi wao ni ndege wa kizimba. Katika miaka ya 1980 walikamatwa na kuuzwa nje kwa wingi wa kutisha. Mimi nilikua nikiwaona kwenye mibuyu na sikujua kwamba kuna watu Ulaya wanalipa ili wawe nao sebuleni.

Faida nyingine zilihesabiwa kwa fedha. Timu ya Monela ilikadiria kwamba ngitili zilimpa mtu mmoja thamani ya takriban dola 14 za Marekani kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu wa vijijini nchini ulikuwa dola 8.50. Lakini hesabu iliyonigusa zaidi ni ya muda: mwanamke aliyekuwa na ngitili karibu aliokoa kati ya saa 2 na 6 katika siku ya kutafuta kuni. Bibi yangu aliishi kuona hilo. Miaka yake ya mwisho alipikia kuni za mtundulu, ambazo zinawaka bila kelele na moshi wake ni kidogo. Macho hayakurudi kuwa meupe, ila alianza tena kukaa nje jioni.

Nisije nikaonekana nauza mradi. Ngitili ina mambo yake. Ili uwe na ngitili lazima uwe na ardhi ya kuacha bila kulima, na mwenye ekari mbili za mahindi hana. Kwa hiyo faida kubwa iliwaendea wenye ardhi na ng'ombe wengi, na wengine walinunua majani kwao. Wanyama nao walirudi bila kuchagua: pamoja na sungura akaja nguruwe pori, na pamoja na nguruwe pori akaja fisi. Mama mmoja jirani yetu alipoteza mbuzi watatu kwa usiku mmoja, na hadi leo ukimtajia hifadhi anakuangalia kwa namna ambayo unaelewa. Pia mradi wenyewe ulifika mwisho mwaka 2004, na watoto waliozaliwa mwaka huo sasa ni watu wazima wanaotafuta ardhi ya kulima. Wao hawakuliona jangwa. Kwao vichaka ni kitu kilichokuwepo siku zote, kama mimi nilivyodhani.

Sasa turudi Geita. Mgodi wa zamani wa Geita ulianza katika miaka ya 1930 na ukafungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa kisasa ulianza mwaka 2000, na tangu 2012 Geita ni mkoa unaojitegemea. Lakini bwana mwenye kamba hakutoka kwenye mgodi mkubwa. Huko wanachimba kwa mashine. Anatoka kwenye maduara ya wachimbaji wadogo. Duara ni shimo linaloshuka wima, na pale udongo usipokuwa mwamba, kuta zake hushikiliwa na magogo, ndiyo matimba. Gogo likiwa bovu watu wanafukiwa. Kila rashi ya dhahabu inapotokea, pori la karibu linashuka shimoni, na maelfu ya watu waliokusanyika wanahitaji mkaa wa kupikia ugali. Miyombo ya karibu ikipungua, lori linakwenda mbali zaidi. Mwaka jana lilifika kwetu.

Binamu zangu wawili wanachimba upande wa Nyarugusu. Mmoja aliandika kwenye grupu, kabla sijajibu: "Hayo matimba mnayoyaonea huruma ndiyo yanayonishikia dari." Hakuna aliyemjibu kwa saa nzima. Ungemjibu nini?

Hatimaye nilimpigia baba mdogo, nikamweleza habari za sotoka, Swynnerton, vijiji, HASHI. Alisikiliza kwa adabu. Halafu akasema, "Historia nzuri sana, mwanangu. Lakini chuo cha mdogo wako hakipokei historia. Kinapokea ada."

Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Nilikuwa nimeisoma ngitili kama msitu. Guku aliijenga kama akiba. Alitenga majani yasiliwe mwezi wa tatu ili yaliwe mwezi wa nane, na kila mtu aliyezuiwa mwezi wa tatu alijua mwezi wa nane upo. Ukimwambia mtu asikate, lazima uweze kumwonyesha mwezi wake wa nane. Waliopita huku kwa miaka mia moja, wakoloni na wetu, wengi walisema usikate, au kata, au hama, au panda, na wachache waliuliza nani atalipa gharama ya kungoja. Wale wa Lubaga, walipoacha miche na kuuliza wazee, walikaribia sana kuuliza.

Kwa hiyo tulikaa tukapiga hesabu, kama familia, kwa simu, kwa jioni tatu. Ada ilikuwa ya muhula mmoja. Sisi wa mijini tulichanga nusu. Baba mdogo alikodisha majani kwa majirani wawili wenye ng'ombe, kwa miezi ya nane na tisa, akapata sehemu ya iliyobaki. Tulimruhusu kupunguza matawi na mashina yaliyobanana, auze kuni hapo hapo kijijini. Mtoto alirudi chuoni akiwa amechelewa wiki moja. Kuhusu muhula ujao hakuna aliyesema chochote, na naona wote tunaogopa kuwa wa kwanza.

Bwana mwenye kamba hakukaa kungoja. Alivuka mpaka wa minyaa akazungumza na jirani, na jirani alikuwa na mgonjwa hospitalini. Nilipokwenda nyumbani mwezi wa kumi na mbili, ekari zake zote zilikuwa chini. Bado ungeona miduara myeusi mahali pa matanuri ya mkaa. Sikumsalimia kwa lawama. Nilimuuliza hali ya mgonjwa, akasema anatembea.

Mvua ilikuwa imenyesha mara mbili. Baba mdogo alinichukua tukapita pembeni mwa shamba lile, akainama, akanionyesha kisiki cha mgunga chenye vichipukizi vitano vya urefu wa kiganja. "Unaona?" akasema. Kisha akanionyesha upande wa pili, ambako mtoto wa jirani alikuwa ameshaanza kupima kwa hatua mahali pa kupitisha trekta.